Mzee Saning'o Alishindwa, Jengo Likabaki

Marahaba, wajukuu. Marahaba wote, hata nyinyi mlioniamkia huku macho yenu yako kwenye simu. Kila kijana aliyeajiriwa juzi mahakamani akifika hapa kwangu Lemara hutaka nimsimulie kazi ya ukalimani ilikuwaje zamani, na kabla sijafika katikati ananiuliza kama namjua mtu wa kumsaidia apate uhamisho wa kwenda Dar. Simjui. Lakini chai ipo na mimi nimestaafu, kwa hiyo nitawaambia habari za Jengo la Mawe, na namna lilivyookolewa na mzee mmoja ambaye hakuwahi kuwa na kesi ya maana.

Kwanza kazi yenyewe. Baba yangu alikuwa Mmeru, mama Mwarusha. Nyumbani baba alifoka kwa Kimeru, mama akajibu kwa Kimaa cha Waarusha, na mimi niliyekaa katikati nikawa napeleka maneno huku na huku, nikiyapunguza makali njiani ili tule kwa amani. Nilipoajiriwa mahakamani, jambo la kwanza nililoambiwa ni kwamba niache kabisa tabia ya kupunguza makali.

Aliyeniambia hivyo ni Mzee Kaaya, mkalimani aliyenitangulia. Alikuwa mfupi, mnusa tumbaku, na koti lake lilikuwa na rangi ambayo hakuna duka lililowahi kuiuza. Siku yangu ya kwanza alinisimamisha karibu na kizimba akasema, "Wewe ni dirisha. Umewahi kusikia dirisha linasema leo jua limezidi?"

Nikasema sijawahi.

"Basi. Mtu akisema upuuzi, toa upuuzi. Akitukana, tukana. Mheshimiwa ndiye atakayejua la kufanya."

Siku hiyohiyo nilimwona akifanya kazi. Mama mmoja alikuwa akidai talaka, na alipoulizwa mumewe ni mtu wa namna gani, akajibu kwa Kimeru maneno yaliyofanya ndugu wa mume wainamishe vichwa. Mzee Kaaya akajikohoza, akatangaza kama anayesoma matangazo ya kanisani, "Mheshimiwa, mume wangu ni fisi aliyekatika mkia." Hakimu akaandika. Kisha akanyanyua kalamu akauliza, "Mkia ulikatwa na nani?" Na Mzee Kaaya, bila kutikisika, akaligeuza swali hilo kwa Kimeru na kumpelekea yule mama. Jibu lake sitalirudia mbele ya watoto wa watu, lakini hakimu alilipata lote.

Mmesikia alivyosema "mume wangu"? Hilo mlishike. Shahidi akisema "mimi", na wewe sema "mimi". Usiseme "anasema yeye alifanya". Ukianza "anasema, anasema", ushahidi unageuka umbea. Lakini nalo lina taabu zake. Alikuja hakimu mgeni kutoka pwani, kijana mpole, na katika kesi yake ya kwanza nikasimama nikasema kwa sauti, "Niliingia zizini usiku nikamtoa ng'ombe mweusi." Akanitazama kwa huruma akasema, "Dada, kaa kwanza. Una haki ya kuwa na wakili." Kwa hiyo nyinyi mnaoniona hapa na kikombe changu cha chai, mjue kwamba nimekiri wizi wa mifugo, ugoni na kuchoma ghala la mahindi, tena hadharani, mara nyingi tu, na bado kanisani wananipa nifanye usomaji wa Jumapili.

Sasa jengo. Lilikuwa juu kidogo ya barabara ya Ngaramtoni, upande wa mlimani, mahali ambapo asubuhi ya mbingu safi Meru unaonekana kama umeegemea paa. Mkoloni ndiye aliyelijenga, kwa mawe meusi ya mlima huohuo, na mababu zetu ndio walioyabeba, ingawa katika hotuba zote nilizowahi kusikia mawe yale yalijipanga yenyewe. Juu ya mlango palichongwa mwaka, lakini mvua ilikuwa imekwisha kuula, kwa hiyo kila hakimu aliyeletwa alikuwa na mwaka wake na hakuna aliyeweza kumpinga.

Watalii wakiliona walisema ni zuri. Sisi tuliofanya kazi ndani tulikuwa na maoni mengine. Ndani palikuwa baridi mwaka mzima. Mvua ya masika ikipiga mabati, hakimu hasikii shahidi, shahidi hasikii swali, basi sote tulikaa kimya tukitazamana, mdai na mdaiwa, polisi na mwizi, mpaka ipite. Nimeona watu wakipatana humo kwa sababu tu walichoka kutazamana. Na kwenye dari, juu kabisa ya kizimba, palikuwa na nyuki. Walikuwepo kabla yetu. Siku za joto walishuka. Mshtakiwa mmoja wa kesi ya gongo aliumwa sikio na shingo, akamwomba hakimu afikirie kwamba sehemu ya adhabu ameshaitumikia. Hakimu akakataa, lakini alicheka kwanza.

Kwa hiyo ilipokuja habari kwamba wakubwa wameamua Jengo la Mawe livunjwe, pajengwe mahakama mpya ya kisasa palepale, hakuna aliyelia. Mimi ndiye niliyefurahi kupita wote. Nilikuwa nimesimama chini ya paa linalovuja muda mrefu mno. Hakimu wetu wakati huo, Mheshimiwa Temu, Mchaga wa Marangu anayependa mambo yaende, alibandika ukutani mchoro wa jengo jipya. Lilikuwa la vioo vitupu. Mbele yake palichorwa minazi, ambayo Ngaramtoni haioti hata kwa maombi, na watu wenye mikoba wakitembea kwa haraka. Hapakuwa na mtu hata mmoja kwenye mchoro aliyevaa shuka, wala aliyekaa chini ya ukuta akisubiri kuitwa. Mheshimiwa alikuwa ameshachagua na kiti.

Ndipo Mzee Saning'o akafungua kesi.

Hapo lazima nimweleze. Saning'o alikuwa mzee wa Kiarusha kutoka vijiji vya juu, mrefu, mwembamba, aliyevaa lubega na juu yake koti la suti lililofungwa vifungo vyote. Alikuwa mteja wetu wa kudumu. Alimshtaki jirani kwa sababu mbuzi wa jirani aliwatazama mbuzi wake vibaya. Karani aliandika "usumbufu wa mifugo". Alimshtaki fundi wa kule Sakina aliyemtengenezea baiskeli ikawa inapiga kelele. Alimshtaki mkwewe kwa kuchelewa mazishini. Alishindwa karibu zote, na kila aliposhindwa alisimama, akamshukuru hakimu kwa heshima zote, akatoka taratibu akitazama kuta kama mtu anayeaga wenyeji. Na jambo jingine: siku zote alidai mkalimani, ingawa nilimsikia sokoni akibishana bei kwa Kiswahili kilichonyooka. Nilipomuuliza akanijibu, "Kiswahili cha sokoni nakijua, binti. Hiki cha humu ndani kina meno."

Safari hii alidai kwamba kiwanja kilipo Jengo la Mawe ni cha ukoo wake, kwamba mkoloni aliazimwa tu, na kwamba aliyeazimwa kitu hawezi kukivunja bila kumwuliza mwenyewe.

Mheshimiwa Temu alimwita ofisini, nami nikaitwa kukalimani.

"Mzee, shikamoo. Hii kesi ya nini tena?"

"Marahaba. Ya kiwanja."

"Kiwanja hiki ni cha serikali. Babu yako hakuwahi kulima hapa."

"Ndiyo maana nimekuja mahakamani," Saning'o akasema. "Ingekuwa kila mtu anakubali, ningebaki nyumbani."

Mheshimiwa akashika kichwa. Hakuweza kuisikiliza mwenyewe, kwa kuwa mahakama haiwezi kuamua kesi ya kiti ilichokikalia. Shauri likapelekwa mjini, kwenye mahakama ya juu. Na kule wakili kijana, aliyekuwa akijitolea kuwasaidia watu wasio na uwezo na ambaye nadhani alitaka tu mazoezi, akamwombea Saning'o zuio la muda: lisivunjwe jiwe hata moja mpaka kesi iishe.

Zuio likatolewa. Tingatinga lililokuwa limeshaegeshwa uani likaanza kuota nyasi kwenye magurudumu.

Sasa nyinyi mlio mahakamani mnajua maneno "mpaka kesi iishe" yana upana gani. Siku ya kwanza wakili wa upande wa pili alikuwa na udhuru. Siku ya pili udhuru ulikuwa wa wakili wetu, yule kijana wa Saning'o. Kisha jaji akahamishwa. Jaji mpya akataka muda wa kulisoma jalada, na jalada likawa limepanda gari kwenda mahali ambapo kesi haikuwa. Likarudi. Likaahirishwa. Mheshimiwa Temu akapata uhamisho, akaenda bila kukalia kile kiti. Mzee Kaaya, aliyekuwa ameshastaafu, akafariki, tukamzika kwake Akheri, na kwenye mazishi yake Saning'o alikuja na kunong'ona kwamba kesi inaendelea vizuri.

Wakati huo wote Saning'o hakukosa tarehe hata moja. Akifika mjini alfajiri na koti lake, anaambiwa jaji hayupo, anashukuru, anarudi. Watu walimcheka. Mimi pia nilimcheka, na kwa hasira, maana sisi tulikuwa tumebaki na baridi yetu na nyuki wetu, na sasa hata kuziba paa ilikatazwa kwa kuwa jengo liko "kwenye mgogoro".

Hatimaye tukampata jaji aliyetulia. Mama mmoja mrefu, mkavu, asiyependa maneno mengi. Akasema kabla ya yote anataka kuja kuliona eneo lenyewe kwa macho yake. Sisi tukawa tumeshahamishiwa kwenye vyumba vya kupanga karibu na barabara, Jengo la Mawe likawa tupu, lakini nikaitwa nikakalimani siku hiyo kwa sababu Saning'o alikataa mtu mwingine.

Walikuja wote: jaji, karani wake, mawakili wa pande zote, Saning'o na wanawe. Walianza kuzunguka nje, wakili wa serikali akionyesha mipaka kwa mwavuli uliokunjwa. Walipofika nyuma ya jengo, akaufungua mwavuli. Meru ulikuwa umejifunika tangu asubuhi, na sasa mvua ikashuka kama kawaida yake, yaani yote. Hapakuwa na pa kukimbilia isipokuwa ndani.

Ndani palibaki kizimba na benchi moja lililovunjika mguu. Jaji alitazama dari, akatazama maji yanayoanza kudondoka, akasema, "Kwa kuwa tuko mahakamani, na mdai yupo, tuchukue ushahidi wake hapahapa." Karani wake, kwa mazoea, akapaza sauti, "Kooorti!" Tukasimama, ingawa hapakuwa na pa kukaa.

Mvua ilikuwa ikipiga mabati. Jaji akamwamuru Saning'o asogee karibu, na mimi nisogee, na wakili asogee, mpaka tukawa tumesimama kama watu wanaoota moto. Akaapishwa. Wakili wa serikali, mtanashati mwenye viatu visivyofaa kwa tope letu, akaanza.

"Mzee, una ushahidi gani kwamba ardhi hii ni ya ukoo wako?"

Nikaligeuza. Saning'o akafikiri kidogo, akajibu kwa Kimaa.

Wajukuu, jibu lake nililisikia vizuri sana. Wakili wetu kijana alikuwa akinitazama kwa matumaini. Kama ningekuwa bado yule msichana wa kupatanisha wazazi, ningelipunguza makali, na nani angejua? Lakini nilikuwa mkalimani.

"Sina," nikasema. "Ardhi hii ni ya serikali. Hata mtoto anajua."

Wakili wetu akafumba macho. Wakili wa serikali hakuamini bahati yake. Akapangusa miwani, akauliza lile swali ambalo wakili mwenye busara huwa haulizi.

"Sasa kama unajua hivyo, ulifungua kesi ya nini?"

Saning'o akageuka, akaonyesha kwa fimbo mahali karibu na kizimba, pale ambapo sakafu ya mawe ilikuwa imelika kidogo. Akaanza kusema, nami nikamfuata neno kwa neno.

"Baba yangu alikufa nikiwa mdogo. Ndugu zake walitaka ng'ombe, wakataka na mama. Mama akakataa kurithiwa. Wazee wa ukoo wakamwambia, nenda basi, lakini mtoto ni wetu. Mama akanibeba mgongoni akaja hapa. Humu ndani walikuwa wanaume watupu. Wakamwuliza, nani atakusemea? Akasema, nitajisemea. Wakamwuliza, utamlisha kwa nini, huna ng'ombe, huna mume? Akaniweka chini, pale. Nakumbuka sakafu ilikuwa baridi, nikalia. Aliniweka chini ili mikono yake iwe wazi, awaonyeshe. Akasema, kwa hii."

Jaji alikuwa ameacha kuandika.

"Wakampa. Wakaandika kwamba mtoto abaki na mama yake mpaka akue. Akaniokota, tukatoka."

"Mahakama inamwonea huruma mzee," wakili wa serikali akasema, na sauti yake ilikuwa imeshuka, "lakini hii inahusiana vipi na kiwanja?"

Saning'o akamjibu akimtazama jaji, na mimi nikasema kwa mdomo wangu, mbele ya watu wote:

"Mama yangu hana kaburi. Alipokufa, kwetu tulikuwa bado hatuziki. Tuliwapeleka porini na ilikuwa heshima. Nyinyi mnakwenda makaburini Jumapili mna maua. Mimi nina pahali hapa tu. Nikija bila kesi, polisi wa mlangoni huniuliza natafuta nini, nami sijui pa kuanzia. Basi nikawa naleta kesi. Mbuzi, baiskeli, chochote. Nikishaitwa jina, naingia, nasimama pale aliposimama. Walipotaka kuvunja nikatafuta kesi kubwa zaidi. Nilikuwa nimebakiwa na ya kiwanja tu."

Mvua iliendelea. Nilikuwa nimesema "mama yangu hana kaburi" kwa sauti yangu mwenyewe, na mama yangu mimi amezikwa vizuri kabisa Ngaramtoni, chini ya msalaba uliopakwa rangi kila Pasaka, lakini machozi yalikuwa yananitoka kama ya mfiwa. Jaji akatoa kitambaa, nikadhani ni cha kwake. Akanipa mimi.

"Mkalimani," akasema, "una hakika umetafsiri sawasawa?"

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Sawa. Iingie hivyohivyo."

Msitegemee muujiza. Jaji yule alikuwa mtu wa sheria. Hukumu ilipotoka alitupilia mbali shauri lote: mdai hana haki yoyote juu ya kiwanja, amekiri mwenyewe, na sheria haimpi mtu umiliki kwa sababu ya kumbukumbu, hata ikiwa njema. Zuio likaondolewa. Akaongeza tu kwamba kila upande ubebe gharama zake, na kwamba kesi haikuwa ya bure ingawa haikuwa na msingi. Sentensi hiyo mawakili waliijadili sana, wala hawakuielewa.

Saning'o aliposomewa aliniuliza kwa Kimaa, "Nimeshindwa?"

"Umeshindwa, mzee."

Akasimama, akavuta koti, akamshukuru jaji. Nje, kwenye ngazi, aliketi kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu. Nilitafuta neno la kumwambia sikulipata, maana miaka yote nilizoea kupewa maneno na wengine. Nikamnunulia soda, akainywa polepole mpaka mwanawe alipokuja kumchukua.

Kesho yake nilijua tingatinga litawashwa. Halikuwashwa. Betri ilikuwa imekufa zamani, na mwenye tingatinga alikuwa amelisahau. Walipotafutwa wakubwa waliotaka kujenga, ikaonekana fedha za mradi, kwa kuwa hazikutumika wakati wake, zilirudishwa zilikotoka na huko zikapata kazi nyingine. Mahakama mpya ikajengwa baadaye, kwa bajeti nyingine, kwenye kiwanja kingine kabisa, na ndiyo hiyo mnayofanyia kazi nyinyi, yenye vioo, ambayo mnanilalamikia kwamba mchana ni tanuri.

Na Jengo la Mawe, kwa kukaa tu pale likiwa halina anayelitaka, likazidi kuzeeka, mpaka siku moja watu wa mambo ya kale wakaja na kamera wakagundua kwamba limekuwa la kale vya kutosha. Kwa hiyo kama kuna kijana hapa ana aibu ya kuahirisha kesi, asijivunie, lakini ajue kwamba siku moja uzembe wa pamoja wa mawakili, majalada na mabenchi uliokoa kile ambacho juhudi ya pamoja ilikuwa inakwenda kukibomoa.

Wakalikarabati, na hapo nilijifunza mambo. Kuna mtu huko nyuma alikuwa amezipaka kuta saruji ndani, akidhani anaziimarisha. Wataalamu wakasema saruji ndiyo iliyokuwa inazioza, maana inafungia unyevu. Ukuta wa mawe unataka chokaa. Wakaibandua yote kwa patasi, polepole. Nyuki waliitiwa mfugaji kutoka Usa River, akawahamisha kwa moshi na adabu. Paa likabadilishwa, na mabati mapya yakawekewa kitu chini yake ili mvua isipige kelele. Sasa ikinyesha, mle ndani unasikia kila neno. Hakuna tena anayesema chochote, lakini ungelisikia.

Siku ya kulizindua nilialikwa kama mtumishi mstaafu. Mgeni rasmi alikuwa mmoja wa wale wakubwa waliotaka livunjwe. Nilimtambua kwa kipara, ingawa kilikuwa kimepanuka. Alihutubia kwa hisia sana. Alisema bila maono ya viongozi, urithi huu ungepotea. Tulipiga makofi. Mimi nilipiga kwa nguvu, kwa sababu mtu akisema upuuzi kwa ufasaha kiasi kile anastahili kitu.

Saning'o hakualikwa. Nani angemwalika? Jina lake lilikuwa limebaki kwenye jalada la kesi aliyoshindwa. Lakini alikuja, na fimbo, na koti, akiongozwa na mwanawe kwa kuwa macho yalikuwa yamepungua. Mlinzi wa mlangoni akamwambia kwanza alipie kiingilio. Nikaenda kumlipia, nikamshika mkono tukaingia.

Ndani palikuwa na kamba nyekundu, vibao vya maelezo na binti mmoja mtembeza wageni, nadhifu, amevaa sare mpya, jina lake Glory. Alikuwa na heshima. Alituamkia vizuri akaanza kutueleza.

"Karibuni sana. Hapa ndipo walipokuwa wanasimama wahalifu wa zamani," akasema, akionyesha palepale penye sakafu iliyolika.

Nilitaka kufungua kinywa. Saning'o akanibinya mkono.

"Wahalifu," akarudia kwa Kiswahili, taratibu. "Walikuwa wengi?"

"Wengi sana, babu. Ila wote walihukumiwa kwa haki."

"Hilo ni jambo zuri," mzee akasema.

Akaivuka ile kamba. Hakuiruka, aliisukuma tu kwa goti kama anayefungua mlango wa boma lake, akasimama pale. Akauweka mkono wake ukutani. Mkono wa mzee na jiwe la Meru vilikuwa na rangi moja. Akasema maneno kwa Kimaa ambayo sitawatafsiria, kwa kuwa siku hiyo sikuwa kazini. Kisha akatema mate kidogo kwenye jiwe, yale mate mepesi ambayo mzee wa kwetu hummwagia mtoto anapombariki.

"Babu, jamani!" Glory akapaza sauti, akaja mbio. "Hapa ni pahali pa kihistoria! Haturuhusu kutema mate ukutani!"

Akatoa kitambaa mfukoni, akaanza kusugua jiwe kwa bidii, uso umemwiva kwa aibu mbele ya wageni. Nikaanza kumweleza kwamba yale hayakuwa mate ya dharau, kwamba kwetu hiyo ni baraka, kwamba huyu mzee anayemwona ndiye hasa aliye... Saning'o akanyanyua mkono kunizuia.

"Mwache afute, binti," akaniambia, akitabasamu. "Kazi yake. Imeshaingia."